Kufufua pedali stili ya zamani: kutoka stoo hadi noti ya kwanza

Iwe imeshuka na mizigo kutoka Marekani au imekutwa stoo ya kanisa nyuma ya viti vibovu, pedali stili ya zamani humchanganya fundi wa gitaa hata awe hodari. Haina shingo ya kushika. Inasimama kwa miguu minne kama meza. Juu ina nyuzi kumi, na chini ya ubao kuna msitu wa fimbo, shafti na springi. Mpigaji hukaa kwenye kiti, hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi kwa mkono wa kushoto, hukanyaga pedali kwa mguu na kusukuma nyenzo kwa magoti. Kila pedali na kila wenzo hupandisha au kushusha nyuzi fulani huku zikiendelea kulia. Ndiyo ile sauti ya kuomboleza ya muziki wa kantri, na Afrika si ngeni kwake: Demola Adepoju aliipiga katika bendi ya King Sunny Adé wa Nigeria.

Gitaa hili likikaa miaka bila kupigwa, kwa kawaida halijaharibika, limeganda tu. Mafuta ya zamani yamegeuka gundi, vumbi limenasa ndani yake, na kitu kinachotakiwa kurudi mahali pake hakirudi. Anayelikuta hivyo hukimbilia kukaza na kulegeza nati ili sauti zikae sawa, na hapo ndipo uharibifu wa kweli unapoanza, maana anatibu uchafu kwa spana. Katika mwongozo huu nati za nailoni haziguswi mpaka kila kidole cha chenja (kile kinachovuta uzi, kitaelezwa hapa chini) kiwe kinarudi chenyewe.

Tambua mashine uliyonayo

Ligeuze gitaa kifudifudi juu ya meza yenye blanketi nene, miguu ikiwa imefunguliwa. Tazama upande wa kulia wa mpigaji, nyuzi zinakoishia. Hapo ndipo ilipo chenja: vidole vya alumini, kimoja kwa kila uzi, vyote vimevikwa kwenye ekseli moja. Uzi unapita juu ya mgongo wa kidole. Kidole kikivutwa nyuma, uzi hukazika na noti hupanda. Kikiachiwa mbele, noti hushuka.

Ukiona fimbo za chuma zinazotoka katikati ya gitaa, zikapita ndani ya chenja na kuishia ukingoni kwa nati za nailoni za pembe sita, unayo mashine ya kuvuta tu. Ndiyo iliyoenea zaidi kwa magitaa ya kuanzia miaka ya 1970, na hatua za hapa ni zake. Ukikuta nyaya laini badala ya fimbo, kama kwenye Fender za mwisho wa miaka ya 1950 na za miaka ya 1960, au ukikuta Emmons ya mfumo wa kusukuma na kuvuta, fuata sehemu za usafi, umeme na nyuzi tu. Utaratibu wa kutyuni wa mashine hizo ni mwingine, na ukilazimisha huu utapotosha kila kitu.

Majina tutakayotumia ni haya. Shafti ni vyuma vinavyolala upana wa gitaa. Pedali ikikanyagwa, shafti huzunguka kidogo. Juu ya shafti kuna mikono midogo yenye matundu, na fimbo za kuvuta hushikizwa humo. Upande wa kushoto, kwenye vigingi vya kukazia nyuzi, kila uzi hupita juu ya kijigurudumu chake, nacho tutakiita rola.

Picha kwanza, bisibisi baadaye

Piga picha za simu zisizopungua thelathini: gitaa zima kwa chini, kisha kila shafti kwa karibu, kisha ukingo wa chenja ukionyesha fimbo ipi imo katika tundu lipi. Tundu ndilo muhimu. Kila kidole kina safu ya matundu ya kupandisha na safu ya kushusha. Gitaa likiwa limesimama, ya kupandisha huwa juu na ya kushusha huwa chini. Likiwa kifudifudi mezani, mambo yamegeuka. Fimbo iliyorudishwa safu isiyo yake huifanya pedali ishushe noti badala ya kuipandisha, na utahangaika siku nzima ukitafuta ubovu mahali pengine.

Zipe namba fimbo za pedali pia, zile ndefu zinazoshuka hadi sakafuni. Mara nyingi urefu wake haulingani. Tepu ya karatasi na kalamu vinatosha.

Vifaa vya mezani

Utahitaji seti ya funguo za aleni za inchi (za milimita hazikai sawasawa kwenye gitaa la Marekani, zinakula kona za skrubu), bisibisi ndogo za nyota na bapa, plaizi ya mdomo mrefu, venia, mswaki mgumu na mwingine laini, pamba za masikioni, fulana za zamani, trei moja ya mayai, mililita 250 za petroli ya viberiti vya mfukoni, na kichupa cha mafuta ya cherehani. Ongeza msasa wa 600, 1000 na 2000, Brasso, mita ya umeme na vifaa vya kulehemu.

Trei ya mayai si mzaha. Ina mashimo 30, yaani matatu kwa kila uzi, na washa ndogo iliyotoka kidole cha nne haichanganyiki na ya kidole cha saba.

Usitumie petroli ya gari, harufu yake haiishi ndani ya kasha na moto wake hauna subira. Thina ya duka la vifaa vya ujenzi inayeyusha laka ya mbao kwa sekunde chache. Mafuta ya taa yanasafisha lakini yanaacha utelezi unaokusanya vumbi, na vumbi la barabara za udongo za Arusha kati ya Julai na Septemba halihitaji mwaliko. WD-40 inafaa kwa skrubu iliyoshika kutu, si kama kilainishi cha chenja: inalainisha leo, ikikauka inaacha utando ule ule uliohangaika kuuondoa.

Kuondoa nyuzi na kukagua mbao

Legeza nyuzi zote, zitoe, lakini weka ile ya tatu na ya kumi kando. Zipime kwa venia ujue aliyekutangulia alitumia unene gani.

Sasa kagua mwili. Mbao za magitaa haya aghalabu ni mepo, ngumu na nzito, na hazioti ufa kirahisi. Sehemu ya kutazama ni maungio ya pembeni, pale sahani za chuma za ncha mbili zinaposhikwa na skrubu. Mbao zikikauka kwa miaka, skrubu hubaki zinaelea. Kaza zote kwa mkono, si kwa nguvu. Iliyopoteza meno itolewe, tundu lijazwe vijiti vya mbao ngumu vilivyopakwa gundi ya mbao, liachwe saa 24, ndipo skrubu irudishwe. Ufa mwembamba unaofuata mshipa wa mbao huzibwa kwa gundi ya mbao iliyopunguzwa maji kidogo, ikisukumwa kwa sindano ya hospitali na kubanwa kwa klampu.

Tazama pia sehemu za chuma cha kumwaga chenye zinki. Baadhi ya magitaa ya miaka ya 1970, Sho-Bud zikiwemo, yana vipande vya aina hiyo chini ya mwili, na umri huvifanya vipasuke kama biskuti. Chuma hicho hakichomeleki. Mpe fundi wa kuchonga vyuma kilichovunjika kama kielelezo, akichonge upya kwa alumini au shaba nyeupe. Mafundi wa mashine za lezi wapo Unga Limited kwa Arusha, na kwenye maeneo ya SIDO (shirika la viwanda vidogo), Arusha na Moshi. Mpelekee kipande chenyewe pamoja na shafti kinapokaa. Mchoro wa karatasi peke yake huleta kitu kinachokaribia kukaa, na chenye kukaribia hakifai hapa.

Chenja: hapa tumia muda

Nusu ya kazi yote ni hii. Lisimamishe gitaa upande wa juu ukiwa juu, weka sinia chini ya chenja, toka nje au fungua madirisha yote, na pasiwe na jiko wala sigara karibu.

Dondosha petroli ya viberiti juu ya vidole, pale vinapogusana na ekseli, matone matano hadi sita kwa kila kidole. Vuta kidole mbele na nyuma kwa mkono mara ishirini. Kioevu kitakachodondoka sinia kitakuwa cheusi kama kahawa ya Kichaga. Rudia. Baada ya mzunguko wa tatu au wa nne kinaanza kutoka safi. Kisipotoka safi hata mara ya sita, chenja ifunguliwe.

Kabla ya uamuzi huo, jaribu kipimo hiki. Sukuma kila kidole kwa ncha ya kidole chako na ukiachie. Kinatakiwa kutembea bila kukwaruza na bila kuyumba pembeni. Kinachokwaruza bado kina uchafu. Kinachoyumba kimechakaa tundu lake, na dawa yake ni bushi mpya ya shaba kutoka kwa fundi wa lezi, si mafuta mengi zaidi.

Ukilazimika kufungua, toa springi za kurudisha kwa plaizi huku ukizifunika kwa kitambaa, maana zikiruka hazionekani tena. Kisha legeza skrubu inayoshika ekseli na uisukume taratibu, ukitoa kidole kimoja kimoja na kukiweka kwenye trei pamoja na washa zake kwa mpangilio. Ekseli isuguliwe kwa msasa wa 2000 wenye mafuta mpaka ing'ae. Usitumie msasa mkali zaidi kwenye ekseli, unaondoa chuma na kuongeza uchezaji.

Sasa mgongo wa kidole. Uangalie kwa lenzi au kwa kamera ya simu iliyokuzwa: utaona mfereji mdogo uliochongwa na uzi. Huo ndio unaokata nyuzi, hasa uzi wa tatu. Usugue kwa msasa wa 600 ukifuata mwelekeo wa uzi, kisha 1000, kisha 2000, ukimalizia na Brasso kwenye kitambaa. Lengo ni uso laini wenye umbo lile lile la mviringo. Ukiulainisha kwa kuulaza bapa, uzi utavuma kama waya wa sitari, ile ala ya Kihindi, kwenye noti ya wazi (uzi ukipigwa bila chuma wala pedali).

Rudisha vyote, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kidole kando ya ekseli. Tone moja. Futa kinachozidi. Ukiona mafuta yanang'aa kwa nje, umezidisha.

Springi za kurudisha zina kipimo chake, lakini kinasubiri nyuzi.

Shafti, mikono na pedali

Futa shafti kwa kitambaa chenye petroli ya viberiti, tone la mafuta kwenye kila ncha, zungusha. Shafti iliyopinda huonekana ukiizungusha ikiwa mezani juu ya kioo. Kaza skrubu za mikono yote. Mkono unaoteleza juu ya shafti hufanya pedali ipoteze noti polepole, na watu wengi huulaumu uzi.

Fimbo zilizopinda kidogo zinyooshwe kwa mkono. Iliyokatika au iliyokula uzi wa skrubu ina mbadala mzuri hapa hapa mjini: fimbo ya kuchomelea ya TIG ya chuma cha pua. Huuzwa kwa urefu wa mita moja, na ile ya milimita 2.4 inalingana na fimbo za inchi 3/32 zilizomo kwenye magitaa mengi. Ya milimita 3.2 inalingana na inchi 1/8. Pima ya zamani kwa venia kwanza. Kwa ya 2.4, daya ya M2.5 huchonga uzi wa kutosha mwishoni, sentimita tatu. Nati yake ichongwe kutoka fimbo ya nailoni, itobolewe kwa keekee ya milimita 2 na kukatwa uzi kwa tapu ya M2.5. Usiikate nati mpya kwa uzi wa milimita kisha ukaivika kwenye fimbo ya asili ya inchi. Itaingia mizunguko miwili halafu itajila yenyewe.

Miguu nayo ina nyuzi za skrubu za inchi. Mguu ukigoma kuingia, tundu lina uchafu. Usiulazimishe.

Rola

Toa rola moja moja, na usizichanganye. Kwenye magitaa mengi kila rola imechongwa mfereji kwa unene wa uzi wake ili migongo ya nyuzi zote ikae usawa mmoja chini ya chuma cha mkono. Rola ya uzi wa kumi ikihamia wa tatu, uzi wa tatu unazama na chuma kinaupita bila kuugusa. Loweka kila moja kwenye kifuniko cha soda chenye petroli ya viberiti dakika kumi, sugua tundu kwa kijiti cha pamba, ng'arisha ekseli yake, tone dogo la mafuta, rudisha. Puliza: rola nzima inazunguka kwa pumzi.

Umeme

Pima pikapu (sumaku na koili zinazonasa mlio wa nyuzi) kwa mita kabla ya kulehemu chochote. Koili moja ya nyuzi kumi yenye afya husoma aghalabu kati ya kilo-ohm 12 na 20. Ikisoma ukinzani usio na kikomo, waya umekatika, mara nyingi pale unapoungana na waya wa kutokea. Hapo unaweza kuunganishwa upya chini ya lenzi. Ukikatika ndani, koili isukwe upya. Umbali kati ya uzi na sumaku uwe milimita 3 hadi 4.

Soketi ya waya ya milimita 6.35 isafishwe au ibadilishwe, ni kitu cha bei ndogo. Hakikisha waya wa ardhi umeshika mwili wa chenja. Ukigusa nyuzi na mlio wa "huuum" ukapungua, ardhi ipo. Usipobadilika kabisa, haipo.

Pedali ya voliumu inayoandamana na gitaa hili aghalabu ina potensiomita iliyochoka. Kwenye maduka ya spea za redio utapewa ya 500K, angalia herufi. Nyingi zinazotoka Asia huandikwa A kwa ya logi na B kwa ya mstari. Unataka A500K. Ukiweka B, sauti itajaa ghafla mwanzoni mwa mkanyago, kisha mguu utaendelea kushuka bila tofauti kubwa, na mpigaji wa pedali stili anaishi ndani ya tofauti hiyo.

Amplifaya ya Marekani iliyokuja pamoja na gitaa ni ya volti 120. Umeme wetu ni volti 230. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Kama hakuna swichi ya 230, nunua transfoma ya kushusha yenye wati mara moja na nusu ya zile zilizoandikwa kwenye amplifaya.

Nyuzi kumi, hata pasipo seti yake

Mpangilio unaoanza nao kila mtu ni E9. Kuanzia uzi ulio mbali na mpigaji kuja karibu, kwa unene wa inchi:

1. F#, .013
2. D#, .015
3. G#, .011
4. E, .014
5. B, .017
6. G#, .020
7. F#, .026 wa kusokotwa
8. E, .030 wa kusokotwa
9. D, .034 wa kusokotwa
10. B, .036 wa kusokotwa

Ndiyo, nyuzi mbili za kwanza ziko chini ya ya tatu kwa sauti. Si kosa la uchapaji.

Seti ya pedali stili haipatikani kirahisi Kaskazini mwa Tanzania, inaagizwa. Wakati unasubiri, seti za kawaida za gitaa la umeme zinakutoa. Seti ya 10 hadi 46 inakupa .013, .017, .026 na .036, yaani nyuzi za 1, 5, 7 na 10 barabara. Seti ya 11 hadi 49 inakupa .011 na .014 kwa nyuzi za 3 na 4, pamoja na .018 ya kuziba nafasi ya 6. Seti ya 9 hadi 42 ina .016 ya nafasi ya 2, .032 ya nafasi ya 9, na .011 nyingine ya akiba. Ya 8 inapatikana kwenye seti ya 10 hadi 52, ambayo ina .030. Usichukue nyuzi za gitaa kavu za shaba. Sumaku ya pikapu haizisikii vizuri.

Uzi wa tatu ndio utakaokatika. Unakaa G# na kupandishwa hadi A ya juu, Hz 440, kwenye urefu wa inchi 24 au zaidi kidogo, na huko chuma cha uzi kimekaribia kikomo chake. Kuweka mnene zaidi hakusaidii: uzi mnene unahitaji mvuto mkubwa zaidi kufika noti ile ile, na mkazo kwa kila milimita ya chuma unabaki ule ule. Kinachosaidia ni kidole laini na rola inayozunguka. Weka .011 tano za akiba ndani ya kasha.

Sasa tyuni

Funga nyuzi, zivute kwa mkono zinyooke, acha saa moja. Legeza nati zote za nailoni mpaka kila fimbo iwe na uchezaji unaoonekana, kama milimita moja. Fimbo iliyobana huzuia kidole kufika mahali pake pa kupumzikia. Dalili yake: ukigusa nati, noti ya wazi nayo inasogea.

Kwanza tyuni nyuzi zote kumi zikiwa wazi, kwenye vigingi, bila kukanyaga kitu. Kisha vya kupandisha, kwenye nati za nailoni, pedali ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho. Pedali A hupandisha nyuzi 5 na 10 kutoka B hadi C#. Pedali B hupandisha 3 na 6 kutoka G# hadi A. Pedali C hupandisha 4 kutoka E hadi F# na 5 kutoka B hadi C#. Vya kushusha vifuate mwisho: wenzo wa kwanza kuupa kazi, hasa kama gitaa lina mmoja tu, ni ule wa kushusha 4 na 8 kutoka E hadi D#. Ukiwa na wa pili, upandishe nyuzi hizo hizo hadi F. Wa tatu hushusha uzi wa 2, na mara nyingi wa 9 pamoja nao hadi C#.

Sasa springi. Pandisha uzi wa 4 kwa pedali C huku ukitazama mkono wa kushusha wa kidole hicho kwenye chenja. Ukisogea hata kidogo, springi yake ni dhaifu: iongeze mvuto tundu moja, au ikate pete moja na kuikunja ndoano upya. Ukizidisha, wenzo wa goti utakuwa mgumu kama breki ya lori. Unataka nguvu ndogo kabisa inayouzuia ule mkono usisogee.

Tyuna ya simu itakupa noti zilizogawanywa sawa, lakini kwenye pedali stili zikipigwa tatu pamoja zinasikika zikipigana. Noti ya tatu ya kodi kuu (noti za meja zinazolia pamoja), ikiwa safi kabisa, iko senti 14 chini ya hiyo ya tyuna; senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni. Anza na G# zote senti 10 chini, na C# ya pedali A vivyo hivyo, kisha malizia kwa sikio kodi ikiwa inalia. Ukienda mpaka 14 kodi ya E itatulia kama maji ya mtungi, ila ukipiga na kinanda kilichotyuniwa kawaida utasikika chini. Kwa kwaya yenye kinanda, bakia 8 hadi 10.

Kama noti hairudi

Kanyaga na kuachia kila pedali mara ishirini, kisha tazama noti ya wazi. Ikiwa ndani ya senti mbili, umemaliza. Isipokuwa hivyo, mwelekeo wa kosa ndio unaotaja mgonjwa.

Baada ya kupandisha, noti ikirudi juu kuliko ilivyokuwa, kidole hakijarudi chote: chenja chafu au fimbo imebana. Ikirudi chini, rola imegoma, uzi ulivutwa kuja upande wa kulia na haukurudi, au uzi unateleza kwenye kigingi. Baada ya kushusha, noti ikibaki chini, ni chenja au springi ya kurudisha. Ikirudi juu, ni rola tena. Ukishajua hivyo hutagusa nati ya nailoni kutibu rola.

Noti za E kushuka senti 3 hadi 5 pedali A na B zinapokanyagwa pamoja ni kawaida, mwili wenyewe unapinda chini ya mvuto ulioongezeka. Zaidi ya 10, rudi kwenye skrubu za maungio.

Pedali ngumu mno? Sogeza fimbo kwenye tundu la mkono lililo karibu na shafti, au tundu la chenja lililo mbali na ekseli. Itakuwa laini, ila mguu utasafiri zaidi. Kinyume chake hufupisha safari na kuongeza uzito. Kila ukihamisha tundu, uzi huo unatyuniwa upya.

Chuma cha mkono, vidole na safari

Chuma cha kutelezesha hakihitaji kuagizwa. Fundi wa lezi akuchongee chuma cha pua cha kipenyo cha milimita 22, urefu wa milimita 83, ncha moja ya duara kama yai na nyingine yenye shimo la kidole gumba. Kitakuwa na gramu 220 hadi 250. King'arishwe mpaka msasa wa 2000 na Brasso. Mkwaruzo usioonekana kwa macho unasikika kwenye amplifaya. Mkono wa kulia unavaa piki ya plastiki (kibanzi cha kupigia nyuzi) kwenye gumba na mbili za chuma kwenye vidole viwili.

Gitaa lililotyuniwa Arusha asubuhi ya baridi ya Julai likifika Moshi mchana litakuwa limeshuka, kwa kuwa chuma kikipata joto hurefuka. Lifungue kasha ukumbini, liache nusu saa, ndipo utyuni kwenye vigingi peke yake. Nati za nailoni ziache kama zilivyo. Joto likibadilika, vigingi vinatosha. Wakati wa masika, weka ndani ya kasha mfuko wa kitambaa wenye mchele uliokaangwa ukakauka, ubadilishe kila wiki mbili, na futa nyuzi na rola kila baada ya kupiga. Petroli ya viberiti kwenye chenja irudiwe mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi vumbi likiwa limemaliza kazi yake.